Kibuyu Kilichonukia Karafuu Maiti

Walisema sitaweza. Baba yangu mdogo, Petro, ndiye aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote, tena mbele ya watu, siku niliyopata barua ya kuitwa kazini Kilosa.

"Mtoto huyu? Huyu aliyepanda juu ya meza kwa sababu ya mjusi? Wampe ukarani, akapambane na karatasi."

Watu wakacheka. Mama yangu naye alicheka, ingawa aliziba mdomo kwa kanga. Habari ya mjusi ilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka tisa, na baada ya mjusi yule kuondoka mikono yangu ilitetemeka mpaka nikamwaga uji. Huko kwetu milimani, nyuma ya Berega, jambo kama hilo halisahauliki hata ukiota mvi.

Nalieleza mapema ili kijana anayesoma ajue nimetoka wapi. Sikubebwa na mtu. Shule ya misheni nilikwenda kwa miguu, na kiatu cha kwanza nilikivaa nikiwa mwajiriwa. Leo diploma yangu ya uhifadhi wa ngozi, mifupa na vyombo vya kale ipo ukutani, ndani ya kioo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mwingine kati ya Dumila na Mikumi mwenye karatasi kama hiyo. Najisifu, na nina haki. Lakini kisa ninachowapa hapa hakinisifu, na nimekaa nacho muda mrefu kabla ya kukubali kukiandika.

Siku ya kwanza kazini ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Niliripoti kwa Bwana Nyama wa Wilaya, ndivyo watu walivyomwita afisa wa wanyamapori. Alikuwa Mzungu, mrefu, mwenye Kiswahili kikavu lakini kilichonyooka. Hakunikaribisha kiti. Alinipeleka nyuma ya ofisi, na hapo, juu ya turubai, alilala simba dume aliyekuwa ameua watu kwenye kambi ya mkonge. Macho yake yalikuwa wazi. Nilisimama mahali ambapo hayakunielekea.

"Umewahi kuchuna?" aliniuliza.

"Mbuzi, Bwana."

"Huyu ni mbuzi aliyekula watu. Anza kidevuni."

Kuchuna ngozi ya kuhifadhi si kama kuchuna ya kitoweo. Unapasua mstari mmoja kutoka kidevu hadi mkia, kisha unaivua ngozi polepole kama mtu anavyomvua mgonjwa shati. Sehemu ngumu ni midomo na masikio. Hapo ndipo nyama hujificha, na hapo ndipo ngozi huanza kuoza na nywele kunyonyoka. Lazima upindue sikio ndani nje, mpaka kwenye ncha, ndipo upake chumvi. Nilipindua sikio la simba yule huku nikisikia jasho likinitiririka mgongoni, maana kila nilipovuta ngozi, mdomo wake ulisogea kana kwamba anataka kusema neno. Tumboni tulikuta kifungo cha shati.

Bwana Nyama alikiosha kile kifungo, akakitia katika bahasha. Kisha akanitazama.

"Unaogopa?"

"Naogopa, Bwana."

"Vizuri. Asiyeogopa hutoboa ngozi. Ogopa, lakini mikono isijue."

Neno hilo nililishika. Usiniulize kama niliacha kuogopa. Niliogopa nyoka ndani ya chupa na fuvu la nyati nililolichemsha mwenyewe. Niliogopa hata harufu ya stoo asubuhi kabla ya madirisha kufunguliwa. Lakini mikono yangu ilitulia, ikawa mikono ya fundi, na Bwana Nyama alipoondoka nchini aliandika barua ya kunipendekeza. Kwa barua ile nilipelekwa Ulaya kusoma.

Huko nilikaa majira mawili ya baridi. Nilijifunza kwamba adui wa vitu vya kale si moto wala wezi. Adui ni mdudu: mchwa kwenye mti, bungua kwenye kibuyu, funza wa ngozi kwenye manyoya. Na dawa iliyotegemewa wakati ule ilikuwa sabuni ya arseniki, yaani sumu iliyochanganywa na sabuni, chokaa na kafuri, ile ambayo huku kwetu tunaiita karafuu maiti. Ukipaka, mdudu hagusi tena. Tulivaa glavu, na baada ya kazi tulisugua mikono mpaka ikawasha. Mkuu wa karakana ya chuo, mzee mwenye miwani minene, alitufundisha sentensi moja niliyoiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: chombo kilichohifadhiwa hakirudi kazini tena. Alimaanisha kwamba kikishapakwa dawa, maisha yake ni ya kwenye kabati. Mimi niliiandika kwa sababu ilisikika vizuri.

Niliporudi, nilivaa suti ya kijivu kwenye gari moshi mpaka Kilosa. Baba Petro alikuja kunitazama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wanasema ulikuwa Ulaya. Ulaya ipi? Hii ya njia ya Mikumi?"

Maana barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi inapita kijiji kinachoitwa Ulaya. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Jina jipya nikapewa siku hiyohiyo: Bwana Mizoga, msomi wa maiti za wanyama.

Nilipangiwa kituo kidogo cha vielelezo pale Mikumi, nje ya hifadhi: chumba kimoja cha matofali, rafu nne, karani mmoja na dereva. Mkuu wa Kituo alikuwa mtu wa kusema taratibu, tena asiyekosa kitu. Mwaka ule vijiji vya Ujamaa vilikuwa vinaundwa, na watu wengi wa milimani, ukoo wetu ukiwemo, walitakiwa kuteremka uwandani. Afisa Utamaduni wa Wilaya akapita kituoni kwetu.

"Malori yanakuja," alisema. "Watu watabeba magodoro na sufuria. Ngoma za zamani, viti vya machifu na vibuyu vya matambiko vitavunjika njiani au vitaachwa. Nani anaweza kuvitunza mpaka watulie?"

"Mimi," nikasema kabla hajamaliza.

Nikapanda milimani. Kila nyumba niliyoingia nilieleza kwamba sichukui, naazima. Niliandika karatasi yenye jina la chombo, jina la mwenyewe, na maneno haya kwa mkono wangu: Kitarudishwa mwenyewe atakapokihitaji. Nikatia sahihi. Nilipenda sahihi yangu ya wakati ule, ilikuwa na mkia mrefu. Nilikusanya vyombo thelathini na kimoja.

Cha mwisho kilikuwa kibuyu cha ukoo wetu wenyewe, alichokitunza Bibi Tabu, dada mkubwa wa marehemu babu yangu. Kilikuwa na shingo ndefu iliyoinama kidogo, cheusi kwa moshi na miaka. Kwa hicho wazee waliomba mvua, na kwa hicho walifungua makazi mapya. Ukoo wetu nusu ulikuwa kanisani na nusu msikitini, lakini siku ya kibuyu wote walikuwa upande mmoja.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "hiki hakioshwi."

"Sawa, bibi."

"Hakijawahi kuoshwa tangu kwa waliokichonga. Usikitie sabuni."

"Nimesikia, bibi."

Nilisikia, lakini sikutii. Kule stoo niligundua matundu madogo ya bungua karibu na shingo, na mikono yangu, ile mikono iliyosifiwa na Bwana Nyama, ikafanya iliyofundishwa. Niliyeyusha dawa, nikaimimina ndani, nikakizungusha mara tatu, nikaimwaga, nikakianika. Nje nikapaka kwa brashi. Vyote thelathini na kimoja nilivifanya hivyo, ndani na nje, na Mkuu wa Kituo alipopita na mgeni kutoka Dar es Salaam nilisimama kando ya rafu zangu kama bwana harusi.

Sikumwambia mtu wa kule kwetu kuhusu sumu. Nilijiambia hawataelewa. Ukweli ni kwamba niliogopa watakataa kuazima, na nitarudi Mikumi mikono mitupu, na Baba Petro atapata la kusema. Na kuna jambo baya zaidi. Kwenye karatasi niliandika kitarudishwa, lakini moyoni sikuamini kwamba kuna atakayekuja. Nilivipaka kama vitu vilivyokwisha kuwa vyangu.

Mwaka wa pili mvua zilichelewa. Mimi nilikuwa Morogoro kwa mkutano wa siku nne. Nilirudi asubuhi ya Alhamisi, nikafungua chumba, nikaona nafasi tupu kwenye rafu ya tatu. Vumbi lilikuwa limeacha duara safi pale kilipokaa kibuyu.

"Selemani!" nilimwita karani. "Kibuyu kipo wapi?"

"Kimechukuliwa na wenyewe, Bwana Diploma." Akafungua faili bila haraka. "Walikuja na karatasi yako. Sahihi yako hii hapa, na mkia wake. Ningewanyima?"

"Lini?"

"Juzi. Kijana wa kwenu na mzee mmoja mcheshi sana. Wanafanya tambiko la mvua katika kijiji kipya, mbele ya Kilangali. Alhamisi, walisema, jua likishapanda."

Nje jua lilikuwa limeshaanza kupanda.

Sijui nilifikaje ofisi ya Mkuu wa Kituo. Nakumbuka alikuwa anakunywa chai na aliweka kikombe chini aliponiona.

"Ulikipaka nini?"

"Arseniki, mzee."

"Na ndani?"

"Na ndani."

"Uliwaambia wenyewe?"

Nilitikisa kichwa. Alinyoosha mkono, akachukua funguo za Landrova ukutani, akanitupia. "Mchukue Mkude aendeshe. Wewe huwezi kuendesha hivyo ulivyo."

Mkude, dereva wetu, hakuuliza swali. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila shimo lilinipigisha kichwa kwenye paa. Nilikuwa nahesabu watu. Nani hukaa duara la kwanza? Bibi Tabu. Baba Petro. Wajomba wawili. Mama yangu kwa kuwa ni mjane mkubwa. Kisha kibuyu huteremka kwa vijana. Nilifika mpaka watu kumi na wanne, nikaacha kuhesabu.

Hatujafika mbali, tembo wakavuka. Jike kubwa alisimama katikati ya barabara, masikio yametanuka, na nyuma yake wengine walipita mmoja mmoja na watoto wao kwa mwendo wa kwenda sokoni.

"Piga honi," nikasema.

"Nikipiga honi, hatutafika kabisa," Mkude akajibu kwa kunong'ona. "Kaa kimya, bwana. Kaa kimya."

Nimechuna tembo. Najua uzito wa mguu wake na unene wa ngozi yake. Siku ile sikumwogopa tembo hata kidogo, na hilo peke yake lilinionyesha jinsi nilivyokuwa nimejaa hofu nyingine.

Tulifika watu wakiwa wamekaa tayari chini ya kibanda cha makuti, nje ya nyumba mpya ya Bibi Tabu. Pombe ya mtama ilikuwa imemiminwa. Ardhi mbele yao ilikuwa na doa bichi, maana wazee waliotangulia walikuwa wameshapewa chao. Na kwa desturi ya kwetu, mwenye chombo huonja kwanza mbele ya wote, kuondoa shaka. Bibi Tabu alikuwa ameshaonja. Kibuyu kilikuwa mikononi mwa Baba Petro, kinapanda kwenda mdomoni.

"Msinywe!" nikapiga kelele. "Msinywe! Kuna sumu!"

Kukatiza tambiko ni jambo kubwa. Waligeuka wote kunitazama, na nyuso zao zilikuwa nyuso za watu walioona mlevi akiingia kanisani.

Bibi Tabu ndiye aliyesema. "Sumu gani? Wazee wamefika. Nimesikia harufu yao ndani ya kibuyu, harufu ya sanda, harufu ya karafuu maiti. Miaka yote hii hawakuwahi kuja karibu hivi."

Harufu ile ilikuwa yangu. Niliitia mimi, kwa vipimo, kwa mzani.

"Bibi, si wazee. Ni mimi. Nilikipaka dawa ya kuua wadudu. Ni sumu."

Mjomba mmoja akasimama. "Anasema uongo. Anataka kibuyu kirudi kwenye rafu zake. Tangu wamekuja kukichukua roho inamuuma."

"Kweli," sauti nyingine ikaitikia. "Bwana Mizoga anataka na sisi tukae kwenye kabati."

Wengine wakaguna kukubali. Niliona mambo yanavyokwenda. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na maneno yote ya kisayansi, na hakuna hata moja lililokuja mdomoni. Nilinyoosha mikono tu kumwomba Baba Petro anipe kibuyu.

Baba Petro hakunitazama usoni. Aliitazama mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka, yote miwili, vidole vinagongana, kama ya mtoto aliyemwaga uji.

Akashusha kibuyu chini polepole.

"Asinywe mtu," alisema.

"Petro, unamwamini huyu?"

"Simwamini yeye. Naiamini hiyo mikono. Namjua tangu siku ya mjusi. Mtoto huyu hajui kuogopa kwa uongo."

Ndipo yakaanza makelele. Tulimtapisha Bibi Tabu palepale, tukampakia kwenye Landrova, nikamshika kichwa njia nzima mpaka hospitali ya wilaya. Alikaa wodini siku tisa. Siku ya tatu hakunitambua. Nililala chini ya kitanda chake, na kila pumzi yake ilipochelewa, yangu nayo ilichelewa. Siku ya tano alifumbua macho akasema, "Nilikuambia usikitie sabuni." Nikalia kama mtoto, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia ninyamaze.

Mkuu wa Kituo hakunifukuza. Aliniita, akaweka mbele yangu faili la karatasi zangu thelathini na moja.

"Ulituletea diploma," alisema. "Sasa warudishie watu vyombo vyao."

"Mzee, kibuyu kikishanywa dawa hakisafishiki."

"Sikusema usafishe. Nilisema urudishe."

Kazi hiyo ilinichukua miaka sita, na kama kuna kazi ninayotaka vijana wa fani hii waijue, ni hiyo. Ngoma na viti nilivisugua, nikavipeleka kwa wenyewe na kueleza kila kitu mbele ya ukoo mzima: wasivilambe, wasivilalie, wanawe mikono. Baadhi yao walinitukana. Mzee mmoja hakunifungulia mlango hata nilipobisha kwa siku ya tatu. Vyombo vya kunywea na kulia havikuweza kurudi kazini. Hivyo nilivitoboa kitako, tundu la ukubwa wa kidole, ili asije mjukuu wa mtu akavijaza siku nisiyokuwepo, na kila familia iliamua kuvizika au kuniachia. Kwa kila kimoja nilidaiwa kingine kipya. Nikajifunza kwa akina mama kupanda vibuyu, kuining'iniza mimea juu ili shingo irefuke, kufunga kamba shingo ikiwa changa ili iiname, kuozesha nyama ya ndani kwa maji, na kufukizia moshi. Hakuna chuo kilichonifundisha hayo, na mimea yangu ya mwaka wa kwanza ilipasuka yote.

Nimestaafu sasa. Sumu ile haitumiki tena, na wataalamu wapya wana vifaa ambavyo sikuviota. Lakini wakija kunisalimia huwauliza swali moja, na wengi hawalipendi: chombo hicho unachokihifadhi, mwenyewe akikitaka kesho akinywee, utamwambia nini? Na Bwana Nyama wangu, popote alipo, alinipa neno zuri kwa ngozi ya simba. Kwa chombo cha watu halitoshi. Mikono iliyozoea kutojua ndiyo iliyomimina sumu.

Deni la mwisho lilikuwa la Bibi Tabu. Shingo ya kibuyu chake ilikuwa na mpindo ambao mimea yangu ilikataa kuufuata misimu mitano. Msimu wa sita mmoja ukakubali. Nilikipeleka kwa baiskeli, nimekifunga mgongoni kama mtoto, na kile cha zamani chenye tundu nikakibeba kwenye kapu. Walikuwa wananingoja chini ya kibanda kilekile. Bibi Tabu alikuwa hawezi tena kusimama, lakini alikipapasa kipya kuanzia kitako hadi mdomoni, akakinusa muda mrefu.

"Hakinuki kitu," alisema.

"Hakinuki kitu, bibi."

Nikampa karatasi yangu, ile yenye sahihi ya mkia. Hakuitazama. Aliisokomeza kwenye mafiga kando yake, chini ya chungu, ikashika moto. Kisha akaagiza pombe imiminwe.

"Mwenye chombo huonja kwanza," akasema, "na leo mwenye chombo ni wewe."

Nilikiinua. Nilikuwa nimekipanda mwenyewe, nimekimwagilia mwenyewe, nimekifukiza mwenyewe, na bado nywele zilinisimama. Nilikunywa mafunda matatu. Baba Petro, mvi tupu sasa, akainua kiganja.

"Tusubiri kidogo. Tuone kama ataanguka."

Watu wakacheka, na mama yangu akaziba mdomo kwa kanga. Nilisimama mbele yao kwa muda ulioonekana mrefu kuliko miaka sita. Kisha Baba Petro akanyoosha mikono yote miwili, akakipokea, akakiweka mdomoni. Nilitazama koo lake likipanda na kushuka, nikaogopa kila funda, mpaka akakishusha, akafuta midomo kwa kiganja, na kukipitisha kwa aliyefuata.